Mataya, Ramani na Daftari: Historia ya Saratani ya Taya kwa Watoto wa Afrika ya Mashariki, 1897–1984

Mnamo mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa magonjwa ya ndani Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, ili amtazame mtoto wa kiume wa umri wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne za mataya: juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kupinda. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Kama ungekuwa usaha wa mfupa, ungeshika upande mmoja. Kama ingekuwa saratani aliyoizoea, ingeanzia mahali pamoja na kuenea kutoka hapo. Majuma machache baadaye, akiwa katika ziara ya kikazi kwenye hospitali ya Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka akampima mwili mzima. Tumboni mlikuwa na uvimbe pia.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi. Bernard Glemser alikifanya kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1970 kiitwacho The Long Safari, na tangu hapo hakuna hotuba juu ya saratani ya watoto katika nchi za joto isiyokigusa. Ni kisa kizuri, na kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha ni cha kweli. Hata hivyo, kwa mtu anayesoma historia ya tiba akiwa upande huu wa ziwa, kinaacha maswali kadhaa. Watoto hawa walikuwa wapi kabla ya dirisha la Jinja? Ni kwa daftari za nani, safari za nani na nyama ya mwili wa nani ugonjwa huu ulipata jina? Na kwa nini jina lenyewe ni la daktari wa upasuaji kutoka Enniskillen, Ireland? Insha hii inajaribu kuyafuata maswali hayo kuanzia hospitali ya Mengo mwaka 1897 hadi matokeo ya jaribio la malaria katika wilaya ya North Mara, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Neno moja kuhusu istilahi. Ugonjwa wenyewe leo huitwa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na kinga ya mwili. Lakini kabla ya mwaka 1960 hivi hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ni limfoma, na kumwekea mtu wa wakati ule maarifa ambayo hakuwa nayo ni kosa ambalo mwanahistoria hapaswi kulifanya. Kwa kipindi cha awali, kwa hiyo, nitasema tu “uvimbe wa taya”, ingawa nafahamu kwamba hata jina hilo linapotosha: kwa watoto wengi ugonjwa haukuishia tayani, na kwa wengine haukufika kabisa huko.

Kabla ya dirisha

Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari mmisionari wa Kanisa la Anglikana. Cook alikuwa mtu wa kuandika. Yeye na wenzake walitunza kumbukumbu za wagonjwa kwa bidii isiyo ya kawaida kwa hospitali ya misheni ya zama zile, na kumbukumbu hizo zilihifadhiwa. Mwaka 1964 jopo la watafiti wa Makerere lilichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchambuzi wa saratani zilizoandikwa Mengo kati ya mwaka 1897 na mwaka 1956. Miongoni mwa waandishi walikuwamo J.N.P. Davies na M.S.R. Hutt wa patholojia, pamoja na L.A.R. Mtimavalye na Raphael Owor, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa patholojia Makerere. Uchambuzi ulionyesha kwamba sura ya saratani katika Buganda ya mwanzo wa karne haikutofautiana sana na ile ya miaka ya 1950. Watoto wenye uvimbe wa taya walikuwamo katika daftari hizo miongo mingi kabla Burkitt hajafika Uganda mwaka 1946.

Basi ugonjwa ulionekana, ukaandikwa. Kilichokosekana kilikuwa ni mtu wa kuziweka kurasa hizo pamoja. Sababu yake, kwa maoni yangu, haikuwa uzembe. Ilitokana na namna hospitali ya kisasa inavyougawa mwili wa mgonjwa. Mtoto mwenye jicho lililotokeza alipelekwa kwa anayeshughulikia macho. Mwenye tumbo lililojaa alifikiriwa kuwa na saratani ya figo. Aliyepooza miguu ghafla alihesabiwa kuwa na tatizo la uti wa mgongo. Na mwenye taya alikwenda kwa mpasuaji. Vipande vya nyama vilivyofika maabara vilipewa majina kwa kufuata mahali vilikotolewa. Chini ya hadubini vyote vilikuwa na chembe ndogo za mviringo zilizosongamana, na chembe za namna hiyo zinaweza kusomwa kwa njia nyingi. Mama aliyembeba mtoto hakuwa na mgawanyo huo. Yeye aliona mtoto mmoja ambaye meno yalilegea, kisha uso ukavimba, kisha tumbo likavimba, yote ndani ya majuma machache. Ushahidi wa umoja wa ugonjwa ulikuwa mikononi mwa akina mama muda wote, ila hakuna fomu ya hospitali iliyokuwa na nafasi ya kuupokea.

Katika hili mchango wa Davies haujatajwa vya kutosha. Mapema katika miaka ya 1950, idara ya patholojia ya Makerere ilianzisha rejista ya saratani ya Kampala, mojawapo ya rejista za kwanza barani. Rejista ni kazi isiyo na shangwe: ni kuandika jina, umri, kijiji, kiungo, tarehe, siku baada ya siku. Lakini ni rejista hiyo iliyomwezesha Gregory O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyefanya kazi na Davies, kurudi kwenye vipande vilivyohifadhiwa na kuonyesha kwamba karibu nusu ya saratani za watoto zilizofika maabara zilikuwa limfoma, na kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo vilikuwa kitu kimoja. Burkitt mwenyewe, katika makala yake ya kwanza ya mwaka 1958 yenye wagonjwa 38, alikuwa ameuita sakoma, yaani saratani ya nyama na mifupa. Makala hiyo ilichapishwa katika jarida la wapasuaji la Uingereza na ikapita karibu bila kelele. Ni akina O'Conor na Davies walioupa ugonjwa mahali pake sahihi. Kwa haki, basi, ungeweza kubeba jina la idara nzima.

Ramani

Alichokuwa nacho Burkitt ambacho wanapatholojia hawakuwa nacho ni shauku ya kujua mahali. Alikuwa amepoteza jicho moja akiwa mtoto, alikuwa mlokole wa kweli, na hakuwa amefunzwa utafiti. Swali lake lilikuwa la mtu wa kawaida: watoto hawa wanatoka wapi? Kwa ruzuku ndogo ya paundi 25 alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto waliovimba mataya, akavituma kwa zaidi ya hospitali elfu moja za serikali na za misheni katika Afrika. Majibu yalipoingia aliyachoma kwa pini kwenye ramani ukutani. Ukanda ulijitokeza: kutoka Afrika ya Magharibi kukatiza katikati ya bara, ukiwa na mkia mrefu unaoshuka kusini kwa kufuata pwani ya Msumbiji.

Ramani ya pini ina hila yake, nayo ni kwamba huonyesha hospitali zilipo sawasawa na inavyoonyesha ugonjwa ulipo. Burkitt alilitambua hilo. Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, kwa gari la Ford lililokwishatumika. Walisafiri kwa majuma kumi, maili zipatazo 10,000, wakipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, nchi za Rhodesia, Msumbiji hadi Afrika ya Kusini, na kuingia katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari na wauguzi picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Jibu la “hatujawahi kamwe” lilikuwa na thamani ileile ya jibu la “ndiyo, wawili mwaka jana”.

Inafaa kukumbuka majuma hayo yalikuwa ya namna gani. Wakati gari hilo lilipokuwa barabarani, Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake tarehe 9 Desemba 1961; Uganda ilifuata Oktoba 1962. Safari ile ilitegemea mtandao wa hospitali za kikoloni na za misheni uliokuwa katika miezi yake ya mwisho kwa sura ile. Daktari Mwingereza aliweza kuvuka mipaka ya nchi saba au nane, akafika hospitali yoyote na kufunguliwa daftari kwa neno lake tu. Tukiisifu safari hiyo kwa urahisi wake, tunausifu pia, tupende tusipende, mpangilio wa utawala uliouwezesha urahisi huo. Waliozijaza daftari zilizofunguliwa, wengi wao wauguzi, makarani na wasaidizi wa madaktari Waafrika, ndio waliokuwa na kumbukumbu ya nani aliingia wodini na kutoka vipi. Majina yao hayamo katika makala zilizofuata.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Karibu na ikweta, uvimbe ulikoma kwenye miinuko ya futi 5,000 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo wa mwinuko nao ulishuka, hata kufikia kwamba katika sehemu za kusini kabisa za ukanda ulionekana katika nyanda za chini tu. Mpaka unaoshuka namna hiyo hauwezi kuwa wa mwinuko wenyewe. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu na virusi aliyekuwa Entebbe, alimweleza Burkitt maana yake: hiyo ni ramani ya joto. Uvimbe ulikuwapo pale ambapo baridi haikushuka chini ya kiwango fulani na mvua ilitosha, yaani pale ambapo mbu huishi vizuri. Dhana ya kwanza ikawa kwamba mbu huwaambukiza watoto kirusi kinacholeta saratani.

Dhana hiyo ilikuwa nusu sahihi, na ni vyema kuona ilivyosahihishwa, kwa kuwa visiwa vyetu vilihusika. Unguja na Pemba zina joto, mvua na mbu, lakini uvimbe wa taya ulikuwa nadra huko ukilinganisha na bara. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba malaria ilikuwa imepunguzwa sana visiwani kwa kampeni za kunyunyiza dawa. Gilbert Dalldorf na wenzake, waliotumia takwimu za Kenya, walikuwa tayari wameona kwamba watoto wa nyanda za juu zisizo na malaria hawapatwi, ilhali wale wa kandokando ya Ziwa Viktoria na wa pwani hupatwa. Ushahidi wa tatu ulitoka kwa wahamiaji: watu waliohama kutoka milima ya Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda kwenda nyanda za joto za Buganda walipata ugonjwa huu wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, ambao kwa kawaida huugua kati ya miaka minne na tisa. Mwenyeji huzaliwa katika malaria. Mhamiaji huikuta njiani. Mwaka 1969 Burkitt aliandika waziwazi kwamba mbu huenda hakubebi kirusi cha saratani, bali malaria yenyewe, kwa kuisumbua kinga ya mtoto mwaka baada ya mwaka, ndiyo inayoandaa njia.

London

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari yake ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani za kuku. Epstein aliona papo hapo kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua unaweza kuwa na kirusi ndani yake, na walikubaliana sampuli zisafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakukuonekana kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege ilicheleweshwa na ukungu ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Chini ya hadubini uchafu huo ulikutwa kuwa ni seli hai zinazoelea, zilizotengana na nyama. Seli hizo ziliota zikiwa katika maji, na hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi ndani yake. Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walichapisha matokeo katika jarida la Lancet mwezi Machi 1964. Kirusi kiliitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuchanganya. Maabara ya Werner na Gertrude Henle mjini Philadelphia ilionyesha kwamba kirusi hicho ndicho kiletacho homa ya tezi kwa vijana wa nchi zilizoendelea, na kwamba karibu watu wazima wote duniani wamewahi kuambukizwa. Kirusi kilichopatikana katika taya la mtoto wa Uganda kilikuwa pia katika damu ya mwanafunzi wa Marekani ambaye hakuwahi kuumwa zaidi ya koo. Swali la mahali likarudi palepale, na jibu la malaria likapata uzito zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanajenetiki waliongeza kipande cha tatu: katika seli za uvimbe, kipande cha kromosomu ya nane hukatika na kujiunga na nyingine, mara nyingi ya kumi na nne, na kuiamsha jeni iitwayo myc isiyopaswa kuamka. Kirusi, malaria na ajali ya kromosomu: hivyo ndivyo ugonjwa unavyoelezwa leo, ingawa si kila mtoto ana vyote vitatu kwa kipimo sawa.

Kuna jambo katika sehemu hii ya historia ambalo nadhani limepitwa haraka mno. Seli zilizotoka katika nyuso za watoto wa Afrika hazikufa. Mwaka 1963 zilioteshwa seli za mtoto wa Nigeria wa miaka kumi na mmoja. Zinaitwa Raji, nazo ni miongoni mwa seli za kwanza za damu ya binadamu kuoteshwa bila kikomo. Mwaka 1967 zilipatikana seli za kijana wa miaka kumi na sita aliyetibiwa Nairobi. Zinaitwa Daudi. Seli nyingine, Namalwa, zilitumiwa viwandani kuzalisha dawa ya intaferoni. Mpaka leo maabara za Ulaya, Amerika na Asia huagiza Daudi kwa vichupa, na mamia ya makala za sayansi yana jina hilo katika kichwa cha habari. Msomaji wa Kiswahili hulitambua jina mara moja kama jina la mtu. Katika machapisho ya wakati ule, wenye miili hiyo huonekana kama umri, jinsia na mahali uvimbe ulipokuwa, basi. Kirusi kina majina ya watafiti wawili na ugonjwa una jina la daktari. Sehemu ya mgonjwa katika ugawaji huo wa majina ilikuwa lebo ya chupa. Sisemi kwamba watafiti wale walikuwa na nia mbaya. Kanuni za ridhaa tunazozijua leo hazikuwapo hata London. Ninasema tu kwamba historia ya ugonjwa huu ikiandikwa bila jambo hili, imeandikwa nusu.

Dawa

Upasuaji haukusaidia. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na mpasuaji aliyekata taya la mtoto alikuwa akishindana na kitu kilichomzidi mbio. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Ukosefu huo, ambao kwa hesabu yoyote ulikuwa upungufu, ndio uliosukuma dawa za kemikali mbele. Joseph Burchenal wa New York alitoa dawa ya methotreksati. Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alifanya majaribio yake katika miaka hiyohiyo. Baadaye zilikuja siklofosfamidi na vinkristini. Kilichotokea kiliwashangaza hata waliozitoa: kwa watoto wengine dozi chache, nyakati nyingine moja tu, iliuyeyusha uvimbe ndani ya siku, na baadhi yao hawakuugua tena. Wakati huo saratani iliyoponywa kwa dawa peke yake ilikuwa kitu cha nadra duniani kote. Sehemu ya ushahidi kwamba inawezekana ilitoka katika wodi za Kampala, Nairobi na Ibadan.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago Kituo cha Tiba ya Limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. John Ziegler, daktari kijana Mmarekani, alikiongoza. Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kupata shahada ya juu ya upasuaji, alikuwa nguzo yake upande wa Makerere. Kilichokitofautisha kituo hicho ni kwamba kiliwafuata watoto nyumbani. Gari lilitumwa vijijini kumtafuta mtoto ambaye hakurudi tarehe aliyopangiwa. Uponyaji hauwezi kuhesabiwa bila kujua nani yu hai, na kujua nani yu hai katika Uganda ya mwaka 1969 kulitaka dereva anayejua njia na mtu anayeweza kuketi uani na kuzungumza na bibi wa mtoto kwa lugha yake. Marissa Mika, katika kitabu chake cha mwaka 2021 juu ya taasisi hiyo, ameirudisha kazi ya watu wa namna hii mahali inapostahili.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa kundi la madaktari walioonyesha kwamba saratani huponyeka kwa dawa. Burkitt na Ziegler walikuwamo, na pia Victor Anomah Ngu wa Kameruni, aliyefanya kazi yake juu ya uvimbe huu Ibadan. Jina lake hutajwa mara chache sana katika masimulizi ya Kampala. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na wataalamu wa kigeni wakaanza kuondoka. Ziegler aliondoka. Charles Olweny, Mganda, alikabidhiwa taasisi na kuiendesha katika miaka ambayo dawa, mafuta ya gari na hata usalama wa daktari mwenyewe havikuwa vitu vya kutegemewa. Masimulizi ya kishujaa hukoma hapa, kwa sababu mashujaa wake walikuwa wameondoka. Watoto waliendelea kuletwa.

West Nile na North Mara

Majaribio mawili makubwa ya miaka ya 1970 yalikusudiwa kumaliza mjadala wa kirusi na malaria. Yote mawili yaliendeshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa.

La kwanza, chini ya Guy de-Thé, lilikuwa West Nile. Kuanzia mwaka 1972 damu ilitolewa kwa watoto wapatao 42,000, ikahifadhiwa katika baridi, kisha watafiti wakangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa mbinu: mtoto akiugua baadaye, damu yake ya zamani ingetolewa na kupimwa. Matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliougua walikuwa na kiasi kikubwa cha kingamwili dhidi ya kirusi cha Epstein na Barr miezi na miaka kabla ya uvimbe, na kwamba hatari kwao ilikuwa takriban mara thelathini ya wengine. Ushahidi wa kirusi ulikuwa umethibitika kwa kadiri ushahidi wa namna hiyo unavyoweza. Wagonjwa waliotegemewa na hesabu hiyo walikuwa kumi na wanne. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi, na kila mara naiona ndogo kwa namna mbili: ndogo kitakwimu, na ndogo kwa kulinganisha na sindano 42,000.

La pili lilikuwa North Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, eneo ambalo ugonjwa ulikuwa mwingi na ambako hospitali ya misheni ya Wamenonite ya Shirati ilikuwa ikiwapokea na kuwaandika wagonjwa. Wazo lilikuwa rahisi. Ikiwa malaria huandaa njia, basi kuipunguza malaria kutapunguza saratani. Kuanzia mwaka 1977 watoto wa chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji.

Mwanzoni malaria ilishuka. Saratani nayo ilishuka, hata ikafikia viwango vya chini kuliko vilivyowahi kuandikwa wilayani humo. Lakini watafiti waliporudi kwenye takwimu za miaka ya nyuma waliona kwamba kushuka kwa saratani kulikuwa kumeanza kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa. Kisha malaria ikaanza kupanda tena wakati vidonge bado vinagawiwa: vimelea vilikuwa vikizoea dawa, na ugawaji wenyewe ulikuwa umechoka, kama ugawaji wowote unaodai kila nyumba ifikiwe mara mbili kwa mwezi kwa miaka mitano. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1989 haikuweza kusema kwa uhakika kwamba klorokwini iliwakinga watoto dhidi ya saratani. Haikuweza pia kusema kwamba haikuwakinga.

Nadhani waandishi wake walistahili sifa kwa kutokulazimisha jibu. Hata hivyo, swali la mwanahistoria ni tofauti kidogo na la mtakwimu. Wazazi wa North Mara waliambiwa kidonge hiki ni cha malaria, jambo lililokuwa kweli. Walifungua milango yao kwa miaka mitano, na watoto wao wakameza dawa chungu kwa ajili ya swali lililoulizwa Lyon kuhusu ugonjwa uliompata mtoto mmoja kati ya maelfu. Walipewa nini swali lilipokwisha? Jaribio lilifungwa mwaka 1982 na wagawaji wa vidonge wakarudi mashambani. Daftari za hospitali ziliendelea kujazwa, na kuanzia mwaka 1984 zinaonyesha watoto wenye mataya yaliyovimba wakiongezeka tena.